Siku Baba Alipokatazwa Kusinzia

Tulipomaliza kumzika kukhu, mama mzaa baba, siku ya kunyolewa ilifika kama inavyofika kwetu Marachi: maji kwenye beseni, kipande cha sabuni ya kufulia, wembe mpya, na mama mmoja mjane wa boma la jirani aliyepewa kazi hiyo. Nilikaa chini nikainamisha kichwa. Sabuni ile ikikutana na nywele zilizolowa hutoa harufu yake, harufu kavu isiyo na mafuta wala manukato, na iliponifikia nikaanza kucheka. Nilijaribu kukizuia kicheko kikatokea puani. Yule mama akasimamisha wembe. Nilipoinua macho nikamwona baba, mzee sasa, ameketi kwenye kiti cha plastiki, naye mabega yanatikisika. Shangazi zangu walitutazama kama watu waliokosa adabu, na kweli tulikuwa tumeikosa. Lakini baba alijua ninakumbuka nini, na kukhu mwenyewe, kama angekuwepo, angecheka kutushinda wote.

Siku ile tuliyokuwa tunaikumbuka, mimi sikuwa nimefika darasa la tatu. Baba alikuwa dereva wa trela. Alitoka Mombasa na makontena akayapeleka Kampala, na wakati mwingine mpaka Kigali, na katikati ya safari hizo alipita nyumbani kwetu Burumba, kwenye nyumba ya vyumba viwili tuliyopanga, akalala siku mbili tatu. Nikisema akalala ninamaanisha alilala hasa. Baba alikoroma mpaka sufuria zikaitikia rafuni. Jirani yetu aliyeuza vitenge, Mama Zainabu, alikuwa akimwambia mama asubuhi, "Leo nimejua mzee amefika. Hata hukuhitaji kunitangazia." Mama aliona aibu. Mimi nilipenda sana ule mkoromo. Nikiusikia nilijua mlango umefungwa na watu wa nyumba wote wako ndani.

Ila mkoromo wa baba ulikuwa na tabia moja. Ulipanda, ukapanda, halafu ukakatika ghafla. Kimya. Kimya cha kutosha mtu kujiuliza. Kisha akashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyetolewa majini, mkoromo ukaanza upya. Na mchana alisinzia popote. Alisinzia na tonge la ugali mkononi. Alisinzia kanisani amesimama, wakati wa maombi, mama akamshika mkanda wa suruali asianguke. Siku moja alisinzia akinifunga kamba za viatu vya shule, nikachelewa kwa sababu sikutaka kumtikisa. Sisi tulicheka. Mama alisema ni uchovu wa barabara, na wageni wote wakakubali, maana nani asiyejua barabara ya Mombasa inavyochosha?

Kisha siku moja tukiwa tunachambua karanga za mama za kwenda kuuza soko, simu yake ikalia. Alikuwa mwanamke anayeuza mayai ya kuchemsha kwenye foleni ya malori ya kuvuka mpaka pale Malaba, anayemfahamu baba. Alizungumza kwa sauti kubwa hata mimi nikasikia. "Mama, dereva wako amepatikana ndani ya gari. Anaitwa haitiki. Watu wamejaa hapa." Ungo wa karanga ulianguka. Mama alinishika mkono, akaniachilia, akatafuta viatu vyake ambavyo alikuwa amevivaa. Nikapelekwa kwa Mama Zainabu.

Kumbe foleni ilikuwa imesonga, lori la baba halikusonga. Madereva wa nyuma walipiga honi, wakateremka, wakamkuta amelalia usukani mdomo wazi. Wakagonga mlango, wakavunja dirisha, ndipo akaamka na kuuliza kwa hasira ni nani amevunja kioo cha tajiri. Foleni nzima ilicheka. Tajiri mwenyewe, mwenye gari, hakucheka hata kidogo. Alimwambia baba kwa simu, "Bahati yako gari ilikuwa imesimama. Na kama ungekuwa kwa barabara? Hiyo gari hutagusa tena mpaka daktari aniambie uko sawa." Hayo yote niliyajua baadaye sana. Siku ile mimi nilisikia simu ya kwanza tu. Jioni baba akaingia mlangoni kwa miguu yake, amenunua mkate, na hakuna aliyenieleza kitu. Nilichohitimisha kwa akili yangu ni kwamba baba alikuwa amekufa kidogo, akarudi.

Basi akaenda kwa madaktari. Aliporudi kukawa na minong'ono ya watu wazima, na mwisho mama akaniita akaniambia kwa upole, "Baba ataenda Kisumu kulala usiku mmoja tu. Halafu atarudi." Leo mtu akiniambia hivyo nitauliza ni kipimo gani, maana najua hospitali kubwa zina chumba chenye kitanda na mitambo, wanakubandika waya mwilini, unalala, wao wanasoma usingizi wako mpaka asubuhi. Lakini mtoto wa Burumba angeyajua wapi? Nilijua mtu huenda Kisumu kununua bidhaa, au kutibiwa. Hakuna mtu anayetoka kwake kwenye kitanda chake akaenda Kisumu kulala. Tena mwaka uliokuwa umepita, kuka, baba yake baba, alipelekwa Kisumu. Na yeye waliniambia atalala huko kidogo kisha arudi. Alirudi kwenye sanduku, gari likiwa limefungwa matawi mbele.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalianza kukusanyika nyumbani kwetu. Kwanza akaja kukhu kutoka Butula na kuku mmoja na begi lake la matanga, lile jeusi, ambalo sasa najua lilikuwa tu begi lake la pekee. Alikuja kukaa nami ili mama amsindikize baba. Halafu wakaja watu wa kanisa, wakakalishwa kwenye viti vya kuazima pale nje, wakaimba polepole, wakamwombea baba kwa kuweka mikono kichwani mwake. Mzee mmoja wa kanisa akamwambia mama, "Jipe nguvu, mama. Mungu hampi mtu mzigo asiouweza." Wakanywa chai. Mimi niliwahi kuona viti vile na nyimbo zile na chai ile, na kilichokosekana ni turubai tu.

Halafu mama akanunua pajama. Baba hakuwa amewahi kuvaa pajama maishani mwake, alilala na bukta na fulana ya timu fulani iliyotoboka kwapani. Daktari alikuwa amesema aje na nguo laini za kulalia, zisizobana, na mama hakutaka watu wa Kisumu waione ile fulana. Ilikuwa pajama ya buluu yenye mistari, mpya, imekunjwa ndani ya karatasi. Mama akaipiga pasi. Akaipiga tena. Kuka naye alinunuliwa suti mpya, yeye aliyevaa gambuti siku zote, na suti ile ilipigwa pasi na mama huyu huyu. Nilisimama mlangoni nikatazama pasi ya makaa ikienda na kurudi. Sikuona mtu wa kumuuliza jambo ambalo wote walikuwa wanalijua.

Siku yenyewe ilianza na mama akiyarudia maagizo ya daktari kama mtoto anayekariri mstari wa shule ya Jumapili. Chai mwisho asubuhi. Hakuna kahawa, hakuna soda. Pombe usiiguse hata ukiona harusi. Ndevu ziondolewe, kichwa kioshwe na sabuni, mafuta yasipakwe popote. Dawa za presha zisisahaulike. Mto wako mwenyewe ubebe. Na kubwa kuliko yote: "Leo usisinzie. Hata kidogo. Ukilala mchana, usiku utakosa usingizi, na testi itakuwa bure."

"Mimi nisisinzie?" baba akauliza, na macho yalikuwa tayari yanafumba.

Mama alikuwa na mambo mengi, kukhu alikuwa jikoni, ndipo kazi ikanifikia mimi. "Wewe kaa na baba yako. Akifunga macho, mwamshe. Umesikia? Asilale."

Sijawahi kupewa kazi nikaifanya kwa moyo kama ile. Mama alifikiri ananipa mchezo wa kunishughulisha. Mimi nilielewa kwamba baba akilala hataamka, kama Malaba, na kwamba katika nyumba nzima nimechaguliwa mimi.

Tulikaa nje ya mlango, yeye kwenye kiti, mimi kwenye kigoda katikati ya magoti yake. Niseme hapa kwamba mimi nilipewa jina la kukhu, na kwa sababu hiyo baba hakuwahi kuniita jina. Aliniita mama. "Mama," akaniambia, "niulize maswali. Nikinyamaza, nivute ndevu." Baba alikuwa na ndevu nzito alizojivunia, na kuzivuta ilikuwa ruhusa niliyoitamani siku zote.

Nikamwambia anitajie miji ya barabarani kutoka Mombasa. Akaanza vizuri, Mariakani, Voi, Mtito, Emali, akafika Mlolongo akasimulia habari za mizani, akafika Naivasha. Nakuru akaitaja kwa sauti nzito. Salgaa hakuimaliza. Nikavuta ndevu kwa mikono miwili.

"Ai! Niko hapa, mama. Niko."

"Baba, redio itakuwa ya nani?"

"Itakuwa ya nani aje? Si ni yetu."

"Ukienda."

"Nikienda mtasikiza nyinyi. Lakini mama yako asiiweke stesheni ya mahubiri peke yake."

Nikatafakari. Alikuwa anasema kwa utulivu mkubwa, nikaona baba yangu ni shujaa. Nikauliza lililokuwa likinisumbua zaidi, maana Butula nilisikia wanawake wakilizungumza wakati wa matanga ya kuka. "Na mama ataolewa na baba mdogo Makokha?"

Baba aliamka kabisa. Macho yalifunguka yakawa makubwa kama ya mtu aliyeona askari wa barabarani. Akatazama mlangoni kama mama amesikia. "Nani amekuambia hivyo?"

"Hakuna. Nauliza tu."

Akanitazama, halafu akacheka mpaka akakohoa. "Mama, hilo swali liko nguvu kushinda kahawa. Uliza lingine kama hilo nikianza kulala." Alidhani ni utundu wa mtoto. Nilicheka naye kwa sababu alikuwa anacheka, lakini sikuwa nimejibiwa, na kwa kuwa hakukataa nikajua itakuwa hivyo. Baba mdogo Makokha alinuka tumbaku. Nilianza kujizoeza.

Tulishinda hivyo. Alisinzia nikamvuta, akasinzia nikamwimbia, akasinzia nikampulizia sikioni. Tulitembea mpaka dukani na kurudi, tukazunguka nyumba, tukahesabu kuku wa Mama Zainabu ambao hawakutulia kuhesabiwa. Sijui kama nimewahi kuwa na baba kwa muda mrefu hivyo, yeye na mimi tu, wala kabla ya siku ile wala baadaye. Nilikuwa na huzuni kubwa na nilikuwa na furaha kubwa, na mtoto anaweza kuzibeba zote mbili bila kuona ajabu. Nilimshika kidole kimoja muda wote. Akaniambia mkono wangu una jasho.

Jua lilipokuwa juu kukhu akatoka na beseni.

Baba kwa kawaida alinyolewa na kinyozi wa mjini, lakini mashine za kinyozi zilimtoa vipele kidevuni, na daktari alitaka ngozi safi. Kukhu alikuwa na mkono mwepesi. Kwao Butula, kukiwa na msiba, yeye ndiye aliyeitwa na wembe. Kwa hiyo akasema, "Njoo hapa, nikutoe hizo nywele zote. Hao madaktari wasije wakasema nimezaa mtu mchafu." Wakacheka. Baba akavua shati, akakaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mgongo kwa mama yake. Lilikuwa beseni kama lile la matanga ya kuka. Kukhu alilowesha, akapaka sabuni, akaanza mbele kurudi nyuma, kama alivyowaanza wanawe wote siku ya tatu baada ya kumzika kuka, nami nilikuwepo nikitazama, na baba akiwa wa kwanza kati yao. Ile harufu kavu ikajaa pale. Nywele zikaanguka mabegani mwake. Kisha ndevu.

Kidevu cha baba kikatokea. Kilikuwa kidogo, kimeingia ndani katikati, kama mtu amekibonyeza kwa kidole. Nilikuwa nakijua kidevu kile. Ni kile nilichokiona kwenye kioo kila siku nikipiga mswaki, na watu wote walikuwa wakisema nimefanana na mama. Niliona uchungu kwamba nimekigundua siku ile ya mwisho.

Kukhu akamaliza, akasuuza wembe. Sasa, kwetu kila mtu anajua utaratibu. Ananyolewa mjane, wananyolewa watoto, wananyolewa ndugu. Nilingoja mama aje akae. Mama alikuwa mlangoni na taulo mkononi, wala hakuonyesha dalili ya kuja. Nikafikiri labda amesahau kwa majonzi, watu hufanya hivyo. Nikavua sweta. Nikalikunja vizuri nikaliweka kwenye kigoda. Nikaenda nikakaa kwenye mkeka mbele ya kukhu, juu ya nywele za baba, nikanyoosha miguu na kuinamisha kichwa.

"We, unafanya nini?" mama akauliza.

"Nangoja zamu yangu."

"Zamu ya nini?"

"Ya kunyolewa. Lakini ni wewe unafaa kuanza, halafu ndio mimi."

Nilisikia wembe ukiwekwa ndani ya maji. Kukhu akaniinua uso kwa vidole vilivyolowa, akanitazama kwa muda, na akauliza taratibu, "Omwana wanje, mwanangu, kwani ni nani amekufa?"

"Baba," nikasema. "Usiku. Kisumu."

Mama aligeuka akaingia ndani na taulo lake. Nilisikia akijipenga kamasi. Nilidhani nimekosea kulitaja mapema, nikataka kuomba msamaha.

Baba hakucheka. Ninamshukuru mpaka leo kwa kutocheka. Alijisogeza kwenye mkeka mpaka magoti yake yakagusa yangu, povu bado liko nyuma ya masikio, akachukua mkono wangu akauweka juu ya kichwa chake kilichonyolewa.

"Iko moto ama iko baridi?"

"Moto."

"Ulishika kuka kwa sanduku?"

Nikaitikia kwa kichwa. Walituinua watoto wote tukamshika.

"Alikuwa aje?"

"Baridi."

"Haya. Mimi niko aje?"

"Moto."

Akaniacha niendelee kushika. Kisha akaniambia mambo yote, na aliniambia kama anavyoongea na mtu mzima. Kwamba akilala koo lake linaziba, pumzi inakatika, mwili unamwamsha bila yeye kujua, mara nyingi sana, ndiyo sababu mchana hana nguvu. "Unajua fundi wa redio? Anaweka waya hapa, anaweka pale, mpaka ajue ni wapi imekatika. Basi hao watanibandika waya kichwani na kwa kidevu na kifuani nikiwa nimelala. Kichwa kikiwa na mafuta, waya haishiki. Ndevu zikiwa nyingi, haishiki. Ni hivyo tu, mama. Hii si ya matanga. Hii ni ya waya."

"Na pumzi ikikatika kabisa?"

"Kuna nesi. Kazi yake ni kukaa macho usiku wote akiniangalia. Saa hizi nikilala hapa, ni nani ananiangalia?"

"Ni mimi," nikasema.

Ilikuwa kweli. Tangu siku ya Malaba nilikuwa silali mpaka niusikie mkoromo ukikatika na kurudi, ukikatika na kurudi. Nilitenganishwa nao kwa pazia. Ukikawia kurudi, nilikohoa kwa nguvu, au niliangusha kitu, na yeye akashtuka akavuta pumzi. Mwalimu alikuwa ameshalalamika kwa mama kwamba ninalala darasani, na mama akasema nimemrithi baba.

Baba aliposikia hivyo ndipo alipolia. Sijui kama alikuwa amelia kwenye msiba wa kuka, labda alilia mahali. Hapa alilia mbele yangu na mbele ya mama yake, na machozi yakateremka mpaka kwenye kidevu chetu kisichokuwa na ndevu za kuyaficha. Kukhu akachota maji kwa kiganja akamwosha uso pamoja na povu, kama anavyooshwa mtoto. "Mwambie utarudi lini," akamwambia.

"Mama, dereva hasemi," baba akamjibu.

Na kweli, madereva hawasemi. Ukiwauliza watafika lini watakujibu Mungu akipenda, au watakuonyesha barabara kwa kidevu. Wanasema ukitaja saa, barabara inakusikia. Baba hakuwahi kuniambia siku ya kurudi hata mara moja.

"Leo si dereva," kukhu akasema. "Gari umenyang'anywa. Sema."

Baba akanitazama. "Kesho," akasema. "Kabla ya chakula cha mchana."

Waliondoka alasiri, mama na begi, baba nyuma yake na mto wake kwapani, kichwa kinang'aa. Burumba haina huruma. Vijana wa pikipiki wakamwita, "Mzee, umehama ama umefukuzwa?" Naye akawajibu kwamba anaenda Kisumu kulipwa kwa kulala, na kama kuna anayetaka kazi aseme. Nilisimama njiani mpaka sikuuona tena ule mto.

Usiku ule kukhu alinilaza naye kitanda kimoja. Nilimwambia nyumba imenyamaza. Akasema, "Leo kuna mtu amelipwa kukaa macho. Wewe lala." Nikalala kama gunia.

Kesho yake sikucheza. Nilikaa mlangoni. Kukhu aliinjika maharagwe, akasonga ugali, na jua likapanda. Watoto wa jirani waliitwa kula. Harufu ya vitunguu ikatoka kila nyumba. Mama Zainabu akapita akauliza kama tumeshakula. Nilihisi koo linaniziba, na nikafikiri ugonjwa wa baba umenishika. Nikamwambia kukhu, "Wakati wa chakula umepita."

Kukhu alitazama jua, akanitazama mimi. Akaingia jikoni, akaepua sufuria ya maharagwe, akaiweka chini. Akaufunika ugali kwa bakuli. Akazima moto kwa maji, akatoka akaketi karibu nami, akapangusa mikono. "Chakula cha mchana ni kile kimepakuliwa," akasema. "Mimi sijapakua."

Tukakaa na njaa yetu, mimi na yeye. Tumbo lake lililia, na langu likalijibu, tukacheka. Kivuli cha nyumba kilifika kwenye miguu yetu, kikapanda magotini, kikavuka njia mpaka kwenye ua wa Mama Zainabu, na kukhu hakupakua. Alinifundisha kusuka kamba ya majani. Aliniambia baba alipozaliwa alikuwa na kichwa kama kile kile cha jana. Hakusema hata mara moja kwamba atakuja.

Wakaja. Gari lilikuwa limewaharibikia njiani, mama akaanza kueleza kutoka mbali, lakini mimi sikumsikiliza. Nilikimbia nikarukia shingo ya baba, mto ukaanguka kwenye vumbi. Nilimshika kichwa. Kilikuwa moto. Kilikuwa na vibandiko vya gundi nyeupe vilivyogandamana, na alama nyekundu kidevuni mahali waya ulipokuwa.

"Nimechelewa?" aliniuliza sikioni.

"Hatujapakua," nikasema.

Majibu yalichukua muda, kisha ikaja mashine ya kumpulizia hewa puani anapolala, na siku moja tajiri akampa tena funguo. Lakini hayo hatukuyajua wakati ule. Wakati ule tulikula ugali uliopoa, baba akasifu maharagwe, akasema usiku ule amelala kama mbuzi aliyefungwa kamba, hawezi hata kujigeuza. Mama akasema nesi alikuwa mtu mzuri. Kisha baba akajinyoosha kwenye mkeka, na hakuna aliyemkataza.

Alilala hata kabla ya kuweka kichwa vizuri. Nikakaa karibu naye. Mkoromo ukapanda, ukapanda, ukakatika. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kidevu, ukakuta hakuna ndevu za kuvuta. Nikaurudisha mapajani. Nilibana pumzi pamoja naye, nikangoja, macho kwenye kifua chake. Akavuta, nami nikavuta. Ukapanda tena, ukakatika tena, nikangoja tena. Nilikuwa naogopa sana. Lakini alikuwa amechoka, na siku nzima ya jana nilikuwa nimemnyima usingizi.

Mama akatoka ndani na kikombe cha chai ya maziwa, ya kwanza aliyoruhusiwa. Akamwinamia amguse bega. Nikamshika mkono.

"Usimwamshe," nikamwambia. "Anapumua."